Masanja Alisikia, Akanyamaza

Alhamisi, jioni. Joto la Oktoba, vumbi mpaka kwenye meno.

Nimepanda juu ya boza la maji kwa sababu hapa ndipo simu inashika mtandao. Chini yangu wenzangu watatu wanakula. Hawajanikaribisha, na mimi sina uso wa kujikaribisha. Wiki hii nimeharibu kitu ambacho sijui kama kinarudi, na sina wa kumwambia zaidi ya nyie mnaosoma huku, ambao wengi wenu siwajui hata sura.

Kwa aliye mgeni hapa: mimi ni injinia wa maji, mzaliwa wa Cheyo, Tabora mjini. Tangu Machi nasimamia mtambo wa kuchimba visima wa kampuni ndogo. Tupo wanne. Masanja anaendesha mtambo. Devota anakagua na kuandika kila aina ya udongo na mwamba unaotoka shimoni. Elia ni dereva, na ndiye pia anaangalia kompresa, ile mashine inayosukuma hewa shimoni. Mimi ndiye bosi wao.

Wiki hii tupo kijiji kimoja mbele ya Ulyankulu. Wazee wa hapa walikuja zamani wakikimbia vita Burundi. Watoto na wajukuu wao wanalima mahindi na tumbaku kama wakulima wengine wote wa mkoa huu. Maji yao ni kisima cha kuchimbwa kwa mkono, huko bondeni, mwendo wa saa nzima kwenda tu. Mwezi kama huu kinatoa tope.

Jumatatu tulikuwa mita sitini na mbili chini ya ardhi. Ghafla mtambo ukagutuka, mabomba yakagoma kuzunguka. Kuta za shimo zilikuwa zimebomoka na kuibana nyundo, yaani kile chuma kizito kinachovunja mwamba, pamoja na mabomba yote yaliyoishikilia.

Tulivuta siku mbili. Ili udongo ulainike ilibidi tumwage maji shimoni, na boza letu lilikauka Jumanne asubuhi. Mama Espe, mwenyekiti wa kamati ya maji ya kijiji, hakusubiri tumwombe. Aliwapanga kina mama wenzake, ndoo zikaanza kupanda kutoka bondeni. Wanawake waliobeba maji saa nzima kichwani walikuja kuyamwaga kwenye shimo langu, bila hata mmoja kunung'unika.

Jumatano saa saba mchana bomba likakatika. Mabomba machache yakatoka nalo, mengine yote yakabaki ardhini pamoja na nyundo. Shimo likawa limekufa.

Mama Espe alisimama karibu yangu, akauliza swali moja tu. "Mwanangu, tuwaambie watoto kesho waende bondeni, au wasiende?"

Nikamwambia waende.

Baadaye nikamfuata Masanja. Alikuwa amekaa kivulini mwa lori, anajifuta grisi vidoleni. Nikamuuliza kama alisikia chochote kabla mabomba hayajabanwa.

"Nilisikia," akasema. "Mlio ulibadilika. Na vumbi lilikuwa linatoka kidogo kidogo, si kama mwanzo. Kama dakika kumi hivi kabla."

"Sasa mbona hukusimamisha?"

Aliendelea kujifuta. "Kule Tura uliniambia nisisimamishe mtambo bila sababu, Injinia. Na mlio si sababu. Nilikuwa bado naitafuta sababu."

Hakusema kwa kejeli. Angekejeli ningepata pa kushika. Alisema kama mtu anayeeleza alivyofuata maagizo.

Lazima nieleze kilichotokea Tura. Ilikuwa Agosti. Tulikuwa katikati ya kazi Masanja akazima mtambo, akainamisha kichwa, akakaa hivyo. Akaanza kupandisha mabomba na kuyashusha taratibu. Ikafika nusu saa, ikakaribia saa. Nikashuka kwenye gari. Mbele ya Devota na Elia, mbele ya wanakijiji waliokuja kutazama, nikamwambia: "Hapa mwenye shahada ni mimi. Ukizima mtambo niletee sababu, usiniletee hisia." Kuna mtu kwenye kundi alicheka. Masanja akawasha mtambo. Siku ya pili maji yakatoka, nami nikajiona nimeshinda. Babu wa bibi yangu alikuwa mpagazi wa misafara. Bibi alikuwa akitusimulia kwamba walifika Tura kutoka pwani ndimi zimekauka. Nikasema moyoni, tazama, mjukuu kaleta maji. Nilijivunia mpaka nikaweka picha hapa kwenye ukurasa huu. Mpo mlionipongeza.

Masanja ana umri wa kunizaa. Ameshika mtambo miaka zaidi ya ishirini.

Nimejiuliza tangu jana kwa nini nilimfanyia vile, na jibu linanitia aibu. Nilikuwa naogopa. Siku niliyoletwa kazini, fundi mmoja ambaye sasa ameshaondoka aliuliza kama mimi ndiye mpishi mpya. Watu wakacheka, hata mimi nikacheka. Usiku ule nikaapa kwamba hawatanicheka tena. Nikaacha utani. Nikaacha kula nao. Nikaacha hata kumwamkia Masanja shikamoo, nikiamini bosi hamwamkii aliye chini yake. Marehemu mama angesikia hilo angenichapa kofi, na ukubwa wangu huu.

Aliyenitangulia, Bwana Seif, hakuwa na shahada. Ni mzee wa Kiarabu wa pale mjini, fundi aliyejifunzia kazi mikononi. Kila asubuhi, kabla mtambo haujawashwa, alichemsha chai ya tangawizi akawauliza mmoja mmoja: "Wewe jana umeona nini?" Alianza na aliye mgeni zaidi kazini, akamaliza na Masanja. Wakati mwingine walibishana mpaka jua likapanda. Elia, dereva, alikuwa akitoa maoni kuhusu miamba! Niliwatazama wiki ile ya makabidhiano nikaandika kwenye daftari langu: muda unapotea.

Nikaifuta chai. Tukawa tunaanza kazi saa kumi na mbili na nusu kamili. Hakuna aliyebishana. Mwezi wa tatu wa kazi yangu nilimwambia mkurugenzi kwamba nidhamu imeimarika.

Ukimya ule niliuita nidhamu.

Jana alasiri mkurugenzi alipiga. Alitaka kujua nani alikuwa kwenye mtambo. Nikamtajia. Akasema, "Basi andika hivyo hivyo, aandaliwe barua. Nyie fungasheni mrudi." Nikafungua ripoti nikaandika: mwendesha mtambo alibaini dalili za shimo kubomoka na hakutoa taarifa. Nikaisoma. Ilikuwa kweli kila neno. Sentensi moja ya kweli, na mzee wa watu anarudishwa nyumbani.

Nakiri mbele yenu: kidole kilikuwa tayari juu ya kitufe cha kutuma.

Devota ndiye aliyenizuia, ingawa hakujua. Alikuja akasimama pembeni na daftari lake kifuani. "Injinia, ukiandika la Masanja, andika na langu." Akafungua ukurasa wa Jumatatu. Mita ya kumi na tano hadi ishirini na nne alikuwa ameandika, kwa mwandiko wake mzuri: udongo legelege, unamomonyoka. Mabomba ya kukinga kuta mimi niliagiza yaishie mita ya kumi na mbili.

"Nilikuja kukwambia," akasema. "Ulikuwa kwenye simu. Ukanipungia mkono niondoke, nikaondoka."

Sikumbuki kumpungia mkono. Nimejaribu kukumbuka, sikumbuki. Hilo linaniuma kuliko la Tura, maana la Tura angalau nilijua ninachofanya.

Kwa hiyo aliyeona alikuwepo, na aliyesikia alikuwepo. Wote wawili walikuwa hatua ishirini kutoka kiti changu. Kijiji kimepoteza kisima kwa hatua ishirini.

Nilikwenda nyuma ya kompresa nikalia. Nilisahau kwamba kompresa imezimwa. Walinisikia wote.

Kisha nikafuta ile sentensi, nikampigia mkurugenzi nikamwambia aliyeagiza mabomba ya kinga yaishie pale ni mimi, na aliyewaziba watu midomo ni mimi. Akauliza kama najua ninachosema. Nikasema najua. Nikamwomba siku mbili na nyundo ya akiba, tujaribu shimo lingine. Alinipa mpaka kesho Ijumaa jioni, maana Jumamosi mtambo unakwenda kwingine. "Kuhusu wewe," akasema, "Jumatatu uje ofisini."

Sijalala vizuri. Leo asubuhi nilichemsha chai mimi mwenyewe. Nikamwendea Masanja nikasema, "Shikamoo, Mzee Masanja." Alinitazama kama nimemletea ile barua. Marahaba yake ilichelewa mpaka nikadhani haiji.

Nikawaambia yote. Kwamba kosa ni langu na nimeliandika kuwa langu. Kwamba kuanzia leo yeyote kati yao anaweza kusimamisha mtambo na sitamdai sababu. Kisha nikauliza, "Mmeona nini?"

Hakuna aliyejibu.

Nilikuwa nimejidanganya kwamba nikikiri tu, watafunguka. Chai ikapoa mikononi mwao. Elia alitazama viatu vyake. Miezi saba ya kuwafunga watu midomo haiishi kwa birika moja, na nilisimama pale nikihisi joto la aibu mpaka masikioni, nikitamani kuwasha mtambo ili kelele zinifiche.

Mwishowe Devota akasema, kwa sauti ndogo, kwamba pale tulipopanga kuchimba upya ni karibu mno na shimo lililokufa, udongo utakuwa ule ule. Akasema twende kwenye alama ya tatu kati ya zile tulizoweka wakati wa kupima maji, kule juu penye miombo. Mdomo ulishafunguka nimwambie kwamba vipimo vya kule ni hafifu. Nikaufunga. Nikamuuliza Masanja. "Devota yuko sawa," akasema, basi.

Tukahamia alama ya tatu. Sijui kama nilikubali kwa sababu walikuwa sahihi, au kwa sababu sasa naogopa kuwa yule mtu niliyekuwa. Mnaoongoza watu, mnatofautishaje?

Mita ya thelathini na moja Masanja aliinua mkono, akazima. Kina mama walikuwa wamekaa kwenye kivuli chembamba, ndoo tupu mbele yao. Mkurugenzi alipiga, sikupokea. Nilivua saa nikaitia mfukoni, maana niliona macho yangu yanaiendea. Wakapandisha mabomba, wakaongeza mabomba ya kinga mpaka mita thelathini. Kazi hiyo ilikula saa nne. Hakuna anayeweza kuniambia kama shimo lingebomoka au lisingebomoka. Huenda tumepoteza saa nne bure. Sitajua kamwe, na inabidi nizoee kutojua.

Tulipowasha tena, Elia alinipigia kelele: "Injinia, toka hapo! Mpira huo wa hewa ukipasuka utakukata!" Kisha akashtuka kwa alivyonipigia kelele, akaanza kuomba radhi. Nikatoka, nikamwambia asante. Nikamwona Devota akigeuka upande kuficha kicheko. Wamenicheka. Sikufa.

Hilo ndilo jema pekee la leo, na nimeliandika ili nisilisahau.

Mengine ni haya. Tumesimama mita hamsini na nane na kinachotoka ni vumbi kavu. Mabomba tuliyobaki nayo, baada ya yale tuliyoyapoteza, yanafika mita sabini na tano, mwisho. Masanja bado hanitazami machoni. Mama Espe ametuletea ugali na maharage kama kila siku, na nikimtazama sijui nimwambie nini. Nilimuuliza maji ya kupikia ameyatoa wapi. Akasema, "Kula, mwanangu."

Jumatatu huenda nikafukuzwa. Labda ni haki. Ila kuna jambo jingine limeniingia sasa hivi, nikiwa huku juu.

Tangu Machi nimekabidhi visima vitano. Kila kimoja kilikatiwa utepe, watu wakacheza, mimi nikahutubia. Watoto wanakunywa maji yake leo. Na vyote nilivichimba na watu hawa hawa, katika ukimya huu huu. Masanja alisikia nini Tura baada ya kumkemea, akaendelea kuchimba? Devota ameandika nini kwenye kurasa ambazo sikuwahi kumwomba nizisome? Ni mara ngapi alikuja mpaka kwenye gari, akarudi?

Kesho asubuhi, kabla mtambo haujawashwa, nitavitaja visima vyote vitano kimoja kimoja, kwa jina la kijiji, nianze na Tura.

Je, wataniambia?