Chandarua Juu ya Kitanda Kitupu

Bel-Air, Lubumbashi

Kwa Ngoie, mdogo wangu wa tumbo moja,

Nakusalimu wewe na wote walio chini ya paa letu hapo Kilwa yetu ya ziwani. Mgongo wako unaendeleaje? Na ziwa lenyewe, bado linawapa samaki? Sisi hapa nyumbani kwa mwanangu Monga tu wazima. Jicho langu lililopasuliwa limefunguka vizuri, na daktari amesema nitaruhusiwa kusafiri barabara ikikauka. Barua hii nimeiandika mwenyewe, bila kusaidiwa. Dereva wa lori la unga ndiye atakayeifikisha. Msomewe nyote, na msomaji asiruke mstari.

Kwanza namshukuru Mungu kwa ajili ya Banza, mjukuu wako. Uliponipigia simu kusema kwamba mtoto anatetemeka, mwili unamchoma, na kituo cha afya kimempima na kukuta malaria, mtandao ulikatika hapohapo. Nilikaa na habari hiyo hadi kesho yake. Mado, mke wa Monga, alisonga bukari ya mahindi na kupika samaki, akaishia kufunika sahani yangu. Kisha simu ikaita tena, nikasikia sauti yako ikimwita kaka yako: "Yaya, homa imeshuka! Anaomba samaki, tena anakasirika juu tunamupa uji!" Sijapata kufurahia hasira ya mtoto kiasi hicho.

Ndipo nilipokuuliza habari za chandarua kipya nilichokiacha. Ukanijibu kama mtu anayengoja kusifiwa: "Moustiquaire yenu iko palepale juu ya kitanda yenu, Yaya. Hakuna mutu aligusa. Natandika kila asubui."

"Na watoto?"

"Batoto banalala ku mukeka."

Mado alikuwa akisikiliza. Alicheka hadi akaushika ukuta. "Papa, mbu ya Kilwa inaheshimu kitanda yenu, inakula batoto tu!" Nilimkemea. Baadaye, nikiwa peke yangu, nilikiri kwamba amesema kweli.

Ngoie, wewe hukukosa maarifa. Ni wewe unayewafokea wavuvi wanaovua samaki wadogo kwa vyandarua vya watoto wao. Ni wewe unayemwaga maji yaliyotuama makoponi na kufyeka majani nyuma ya jiko. Na jirani akisema kwamba homa inatokana na maembe mabichi, humwachi mpaka anyamaze. Kilichomfikisha Banza kwenye kituo cha afya ni heshima yako kwangu. Tulilelewa hivyo, kwamba kitanda cha mkubwa hakilaliwi na mdogo, hata mkubwa akiwa safarini. Nakushukuru kwa heshima hiyo. Sasa iondoe hapo kitandani.

Siku mtakayoisoma barua hii, Banza na dada zake wahamie kitandani kwangu. Chandarua mkichomeke chini ya godoro pande zote kabla ya giza kuingia, na kikitoboka mkishone. Usiniambie kwamba wataharibu godoro. Godoro hununuliwa. Nitakuja na chandarua kingine, nami nitakitundika juu ya mkeka na kulala hapo. Mgongo wangu si wa chifu.

Kitanda kinachotandikwa kila asubuhi bila kulaliwa na mtu ni kitanda cha marehemu. Naomba nisifanyiwe hivyo kabla ya wakati wangu.

Nisalimie Kabwe, baba yake Banza, na mkewe, aliyembeba mtoto mgongoni hadi kwa wauguzi bila kungoja pikipiki. Nisalimie katekista, jirani yetu, na umwambie kwamba sasa nasoma misale bila miwani. Naye Banza mwambie hivi: asinikojolee godoro. Mengine yote namruhusu.

Ni mimi kaka yako, ambaye bado yu hai,

Ilunga