Mathe Alivyomlilia Msaliti

Mitchelle, siamini. Mathe, mamangu mwenyewe, amekubali leo kwamba alilia, baada ya miaka hii yote.

Mwaka wa 1996 saluni yake pale Kawangware, steji ya 56, ilikuwa inajaa juu ya ile hadithi yake ya mfalme na msaliti aliyefungulia maadui lango. Alikuwa anaisimulia akisuka.

Halafu Whitney, msaidizi wake, akahamia saluni ya ng'ambo ya barabara. Akaenda na hadithi. Huko akaisimulia kwa upande wa msaliti.

Wateja wote wakahama.

Mathe akajifunika leso usoni asitambulike, akaenda kumuumbua. Kumuumbua, Mitchelle. Huko akasikia vile maadui walikuwa wameshika mamake msaliti, ndio akawafungulia lango.

Akalia mpaka leso ikaanguka.

Whitney akamvutia kiti. "Mama Ken, nikusuke?"

Akasukwa kichwa kizima. Kesho yake akarudi kusikia kama msaliti atasamehewa.