Kuku Aliyetungojea Hale

Chanika, Handeni, Jumamosi jioni. Manyunyu yameanza tena, na mimi bado nimevaa shati la safari.

Leo baba alinituma nikaangalie nyumba ya watu. Mdogo wangu Athumani anataka kuoa Hale, kwa Wakristo, wajukuu wa manamba waliokuja zamani kukata mkonge. Baba hakukubali wala hakukataa. Alisema tu, "Nenda na mdogo wako. Ukirudi, neno lako ndilo nitakalolishika."

Kwa hiyo ndoa ya Athumani ilikuwa mdomoni mwangu.

Nikiri jambo. Sikwenda kwa moyo mweupe. Miaka kumi na mbili iliyopita nilimpenda Stela, tuliyekuwa tukishona naye kwenye kibaraza kimoja pale Korogwe. Na yeye alizaliwa kambi ya mkonge. Nilipomtaja nyumbani, baba aliniuliza, "Utakula nini kwao?" Nilirudi Korogwe bila kumjibu. Nikabeba cherehani yangu nikarudi Handeni, na Stela sikumwambia hata kwa nini. Nimeoa na kuachana tangu hapo, lakini moyo wangu haujatulia vizuri.

Sasa kitindamimba, niliyemfundisha mimi kufunga kamba za viatu, aje apate kirahisi nilichokikosa? Wivu ulinifuata njia nzima. Wivu na udadisi, maana nyumba ya namna ile sijawahi kuingia hata moja. Nilitaka sana kuona jiko lao.

Tulipobadili gari Korogwe nilikula chapati mbili na maharage, nikatia na mayai ya kuchemsha kwenye begi, endapo mambo yatakuwa magumu. Athumani aliniona.

Hale alitupokea Neema, binti mwenyewe anayeposwa, pamoja na bibi yake. Nikamwamkia bibi shikamoo. Akaitikia marahaba, kisha akasema "kamwene", salamu ya kwao Njombe, akasubiri. Athumani akaijibu kwa niaba yangu bila kujikwaa. Nikabaki namtazama. Haya kajifunza lini?

Uani nikaona jogoo amefungwa mguu kwenye mpera, mzima wa afya, na saa sita imeshapita. Nikajiuliza, wageni tumefika na mboga bado inawika? Bibi akaingia ndani, akatoka na kisu kilichoviringishwa kwenye kipande cha kanga.

"Hiki nakiweka mbali na visu vingine," akasema. "Mzee wa hapo jirani ndiye aliyekuwa akituchinjia. Mungu amempumzisha. Siku hizi wageni wangu wa Kiislamu wanajichinjia wenyewe. Haya baba, kibla ni upande ule."

Mimi na udadisi wangu nikauliza habari ya sufuria. Neema akacheka, akaniletea. Ina alama ya rangi nyekundu ubavuni, isichanganywe na nyingine.

"Kambini tuliishi mlango kwa mlango," bibi akaniambia. "Utapikaje Krismasi jirani asile?"

Alilisema kwa wepesi, kama mtu anayeulizwa kwa nini anafagia uwanja. Nikachinja.

Chakula kilipoiva niliwekewa firigisi, heshima ya mgeni. Athumani alikuwa ameshika tonge la ugali lakini halipeleki mdomoni. Ananiangalia mimi. Hapo ndipo nilipotambua kwamba mdogo wangu ananiogopa, na niliona aibu kuliko siku yoyote ninayoikumbuka. Nikala. Tumbo lilikuwa limeshajaa maharage ya Korogwe, lakini nilikula mpaka mchuzi ukaisha, na Athumani naye akala.

Njiani nilimwambia, "Usihangaike." Akageukia dirishani, hakugeuka tena mpaka tulipofika Handeni.

Tulimkuta baba ameshika birika anatia udhu wa magharibi. Nilimweleza yote, kisu, sufuria, yule jirani marehemu na Krismasi zao. "Ni watu wazuri, baba," nikamalizia. "Tupeleke posa."

Baba akaliweka birika chini.

"Alhamdulillahi," akasema. "Na wewe je? Miaka ile nilikuuliza, nikawa nangoja unijibu. Mbona hukwenda kuangalia?"

Nikamsogezea birika. Yeye akaendelea na udhu wake.

Miaka kumi na mbili nimekuwa nikimwambia kila mtu kwamba baba yangu alinikatalia. Nimemwambia mke niliyeachana naye, nimewaambia wateja, nimeandika humu humu daftarini zaidi ya mara moja. Kumbe mzee alikuwa anauliza.

Chumba cha pili Athumani anaongea na Neema kwenye simu, anacheka. Nimefurahi kwa ajili yake, kweli kabisa.

Ila mimi nilingojwa na baba bila kujua. Stela naye alingoja muda gani?