Gia Niliyoitoa kwenye Mteremko wa Shinyalu

Mpendwa Mjomba,

Huu ni mwezi wa pili tangu tukuzike, na ndiyo kwanza napata uso wa kukuandikia. Barua hii naiacha wazi ili isomwe na kila aliyekuita Mzee Breki. Jina lile lilikuwa langu.

Ulinifundisha lori wewe mwenyewe. Kabla ya kila mteremko ulipunguza gia ungali juu, ukaondoa mguu kwenye mafuta, injini ikanguruma na kulishika lori, tukashuka taratibu huku baiskeli zikitupita. Mimi niliona haya. Wewe ulisema tu, "Mtoto wa dada, gia yenye ilikupandisha ndiyo inakuteremshanga. Breki ni ya kusimama."

Siku ile tulibeba magogo ya mikaratusi. Malaria ilikuwa imekushika, ukanipa usukani, ukajifunika koti kando yangu, ukasinzia. Juu ya mteremko wa kwenda mtoni walisimama vijana wa bodaboda, rika langu. Nilijua wangenicheka nikishuka kama kikongwe. Nikatoa gia, nikaliacha lori literemke lenyewe. Kichwa kikubwa cha bure.

Lilipochanganya kasi nikakanyaga breki, nikakanyaga tena. Harufu ya kuungua ikakuamsha. Ukaniambia nirudishe gia. Ikasaga meno, ikakataa. Kisha pedali ikazama hadi chini bila kushika kitu. Ukaunyakua usukani, tukagonga ukingo, tukavunja ua wa Mama Rasoa na kumuua ng'ombe wake wa pekee wa maziwa.

Vumbi halijatulia, ukanivuta. "Hamia huku kiti changu. Leseni yako bado changa. Nyamaza."

Watu wakakukuta wewe kwenye usukani, nami nikanyamaza, tena kwa wepesi unaonitisha hadi leo. Mwenye lori akakufukuza, watu wakakubandika jina la Mzee Breki, na hakuna aliyekupa usukani tena. Ukalima viazi vitamu. Mimi nikaendelea kuendesha, nikisifiwa kuwa dereva mwangalifu.

Siku ya tatu baada ya mazishi, tulipokusanyika kunyolewa nywele za matanga, mzee wa ukoo aliuliza kama ilivyo desturi: mwenye neno na marehemu alitoe sasa. Mama Rasoa akasimama. "Huyu aliniulia ng'ombe. Nimemsamehe." Watu wakaitikia kwa vichwa. Nami nilikuwa kiti cha mbele, Mjomba, ulimi mzima mdomoni, nikatazama viatu vyangu. Aibu hii inanila kuliko ile ya ng'ombe. Siku ile ulichagua mwenyewe kunibebea. Safari hii nilikuacha usingiziwe, hali huwezi kujibu.

Leo asubuhi nimekwenda kwake, nikamwambia yote. Alikuwa akichambua maharagwe. Nilitarajia matusi, na ningeyapokea. Akatupa punje mbovu kando.

"Alikuwa anapitanga hapa kila siku ya soko," akasema. "Ananisalimia. Miaka hiyo yote sikumjibu hata mara moja."

Kisha akaweka ungo chini, akajifunga leso, akaniambia nimpeleke kwako. Alipofika kaburini alisimama upande wa kichwa, akainama kidogo.

"Mulembe," akakujibu salamu.

Pumzika, Mjomba.

Mimi mtoto wa dada yako,
dereva wa siku ile.