Mlango wa Kushoto

Mwanangu mpendwa,

Sisi ni wazima, na mama yako anakusalimu sana. Niliposema kwenye simu kwamba gari liko gereji kumwaga oili, nilikuficha. Niligonga nguzo ya geti, mlango wa kushoto ukabonyea kama sufuria kuukuu.

Fundi alinipa njia mbili: aunyooshe, au aniwekee mwingine. Huo mwingine ulikuwa mweupe, na gari letu unalijua, ni la bluu. Nikamwambia anyooshe. Akaupapasa kidogo, kisha akaniangalia.

"Mzee, mlango huu nimeshaunyoosha mara mbili mwaka huu. Nikuwekee mwingine au nikunyooshee huu, utagonga tena. Hilo jicho la kushoto likoje?"

Mwanangu, fundi alikuwa amenipata. Tangu mwaka jana jicho hilo linaona ukungu mtupu, na sikumwambia mtu, hata mama yako.

Siku hiyo niliporudi nyumbani nilimwambia. Hakugomba. Alinyoosha mkono tu, akasema, "Lete funguo." Leseni anayo miaka yote; mimi ndiye niliyeng'ang'ania usukani.

Mlango umetoka vizuri. Jumanne mama yako alinipeleka hospitali, na daktari anasema ni mtoto wa jicho, nikipasuliwa nitaona. Anaendesha taratibu huku akiimba, jambo ambalo sikuwahi kumsikia akilifanya ndani ya gari. Nimemwambia hata nikipona, usukani ni wake.

Ni mimi baba yako, abiria.