Kendi Hatabaki Meru

Etobicoke, Toronto
Jumapili, 19 Oktoba 2025

Mpendwa wifi yangu Kagwiria,

Salamu kutoka huku kwenye baridi. Natumaini umeamka salama na ule mguu wako unaovimba ukikaa sana umepata nafuu. Natumaini pia kifua cha Mama kimetulia, na kwamba mvua haijaharibu chai. Sisi ni wazima. Kirimi anaendelea na kazi yake, mimi bado nauguza wazee kule Weston, na Kendi ameng'oka jino la mbele, amekataa kulitupa, analilalia.

Hizo ndizo salamu, na nimezitoa kwa moyo kadiri nilivyoweza. Yanayofuata hutayapenda. Kaa chini usome.

Naandika kwa sababu simu unazikata. Kirimi alikupigia Ijumaa, ukakata kabla hajamaliza sentensi. Nilipopiga mimi, hukupokea kabisa. Lakini kwenye kundi la familia la WhatsApp una maneno mengi, na watu wanakuitikia "amina" bila kuuliza upande wa pili. Sasa huu ndio upande wa pili.

Nianze na Kendi mwenyewe, maana umekuwa ukimweleza kwa watu kama mtoto wa mtu mwingine. Kendi ana miaka tisa na ana usonji. Si kiburi, si laana, wala si Kanada. Kelele ambazo mimi na wewe hatuzisikii, za friji, za taa, zinamwingia kichwani zote kwa pamoja. Ukimgusa nywele ghafla anaumia kweli. Na ukimwuliza swali, jibu lipo, ila linafika wakati wewe umeshachoka kusubiri. Haya yote niliyasema mbele yako ukiwa umeketi kwenye kochi langu mwezi wa tano, na ulitikisa kichwa ukasema umeelewa.

Nilifurahi ulipokuja, Kagwiria. Wiki ya kwanza ulipika uji wa wimbi, na Kendi, ambaye hata wali akiuona una doa anausukuma, akanywa kikombe chote na kukurudishia kikombe mkononi. Nilimwambia Kirimi kwamba Mungu ametuletea mtu. Nilikuwa narudi kazini kwa amani. Hilo sitalikana.

Kisha akaja Aleena. Unamkumbuka, maana ulimwita "yule msichana". Kazi yake ni kuwafundisha wazazi na walezi wa watoto kama Kendi. Hamfundishi mtoto, anatufundisha sisi. Anakuja nyumbani Jumatano, anatutazama tunavyoishi, halafu anatuonyesha jinsi ya kumwandaa Kendi kabla ya jambo jipya, jinsi ya kumsubiri, jinsi ya kumsaidia azungumze na watoto wenzake bila kumshika shingo na kumsukuma mbele. Tulikuomba ukae nasi kwa sababu ungebaki naye mchana likizo ya shule. Ulikunja mikono kifuani. Aleena alipotueleza tusimlazimishe kututazama machoni, ulicheka kwa sauti.

"Mtu mzima anafundishwa kulea?" ukasema. "Mimi nimefundisha darasa la nne mpaka nikastaafu. Nimelea mpaka na huyu mumeo."

Ndiyo, ulimlea. Baba yenu alipokufa wewe ndiye uliyembeba Kirimi mgongoni, na hakuna siku katika nyumba hii ambayo hilo limesahauliwa. Lakini umeligeuza kuwa fimbo. Kila anapotaka kukujibu unamwonyesha mgongo wako, naye ananyamaza.

Aleena alikueleza kwa upole, na kwa Kiingereza rahisi kabisa, kwamba ukitaka mtoto akusalimu, mpe njia yake: mpungie mkono, subiri. Ulimjibu kwamba kwetu mtoto anasalimia kwa mkono, na asiyesalimia hali chakula. Nilidhani ni maneno tu. Sikujua kwamba nikienda kazini uji ulikuwa unawekwa juu ya kabati mpaka Kendi akutazame machoni na kusema "tafadhali". Sikujua kwamba zile picha nilizobandika mlangoni za kumwonyesha siku yake itakavyokwenda, ulizibandua kwa sababu wageni wangetuona wajinga. Nilijua tu kwamba mtoto wangu ameanza tena kujikojolea.

Sasa nifike kwenye nywele, kwa sababu hapo ndipo uliposema uongo mkubwa zaidi.

Umewaambia watu kwamba nilimwacha mtoto wangu na nywele timutimu kama asiye na mama. Nywele zake ninazichana kidogo kidogo, akiwa ndani ya maji ya vuguvugu, na tunasimama anaposema tusimame. Zinachelewa, ndiyo. Hazipendezi kila siku, ndiyo. Jumamosi ile nilikuwa zamu. Ulimbana katikati ya magoti yako ukamsuka rasta kichwa kizima. Jirani wa ng'ambo ya korido aliniambia alisikia mtoto akilia mpaka sauti ikakauka. Na Kirimi alikuwa chumba cha pili. Ndiyo, alikuwepo, na alikuja mlangoni, ukamwambia, "Rudi ukalale, hizi ni kazi za wanawake," akarudi. Nimeshayasema na yeye na hatukuyasema kwa sauti ya chini.

Nilirudi nikamkuta Kendi chini ya meza ngozi ya kichwa ikiwa nyekundu. Ulikuwa unatabasamu. Ulisema sasa anafanana na mtoto wa watu, na kesho kanisani hatutaona aibu.

Nilisema kesho asiende kanisani. Ukasema umeshamwambia mchungaji. Nilipaswa kuwa zamu tena asubuhi, na Kirimi akaniahidi kwamba atakaa naye viti vya nyuma, na hedifoni zake za kuzuia kelele masikioni. Hiyo ndiyo ahadi aliyonipa mume wangu.

Yaliyotokea nimeyasikia kwa Kirimi, kwa mke wa mchungaji, na kwa akina mama wawili ambao walinipigia wakilia. Kwaya ilipomaliza, ulisimama, ukamvua Kendi hedifoni, ukamvuta mpaka mbele. Hukumwuliza baba yake. Uliwaambia watu wote wa kanisa kwamba mtoto huyu ana roho ya ububu na uzazi wetu umefungwa. Mchungaji mwenyewe hakujua afanye nini. Ukamwambia Kendi amsalimie mchungaji kwa mkono. Akaziba masikio. Ukamshika shingo kwa nyuma, pale pale penye vidonda vya kusukwa. Akakuuma. Ukampiga kofi mbele ya watu wote, na kipaza sauti kikiwa wazi.

Mama ameniuliza kwa simu kama ni kweli mtoto wetu huuma watu. Nimemjibu kwamba aliuma mkono mmoja, uliokuwa umemkaba, na mkono huo ndio uliompiga. Naamini hukumwambia habari ya mkono.

Unawaambia watu kwamba Kirimi alikutelekeza katika nchi ya kigeni. Alichofanya Kirimi ni kupita katikati ya viti, kumnyanyua binti yake na kutoka. Uliita jina lake mara nyingi. Kwa mara ya kwanza tangu nimjue hakugeuka ulipomwita. Waumini walikuleta nyumbani kwa gari, ukala, ukalala kwenye kitanda tulichokutandikia, na wiki hiyo hiyo ukabadilisha tikiti ukaondoka bila kuniaga. Huko ndiko kutelekezwa?

Nilizifumua zile rasta jioni ya Jumapili. Kila moja nilimwuliza kwanza. Nyingine alikataa, tukaacha, tukaendelea kesho yake. Kirimi aliketi sakafuni karibu nasi.

Aleena alipokuja Jumatano nilitaka amkaripie Kirimi mbele yangu. Hakumkaripia. Alimwuliza tu, "Kendi anapenda nini kuliko vyote?" Kirimi akasema, "Lifti." Unajua mwenyewe, kila siku ulimvuta kutoka kwenye lifti ukisema ni upuuzi, mtoto mkubwa kubonyeza vitufe. Aleena akasema, basi tutaanzia kwenye lifti.

Nikueleze vizuri, kwa sababu hii ndiyo "michezo ya kipuuzi" unayoiandika kwenye kundi. Jengo letu lina ghorofa ishirini na lifti mbili, moja ikiwa mbovu karibu kila wiki. Kirimi akitoka kazini anaingia na Kendi wakati watu si wengi. Kendi anasimama penye vitufe, hapo ni pake. Mtu akiingia, kazi ya Kendi ni kumwuliza anakwenda ghorofa ya ngapi. Kazi ya Kirimi ni kusimama nyuma na kufunga mdomo. Hilo ndilo lililokuwa gumu. Mwanzoni mtu akiingia, Kendi anaangalia ukuta, Kirimi anamwulizia, na Aleena anamtazama Kirimi tu mpaka anaona haya. Alimfundisha avute pumzi taratibu, asiseme kitu, asimguse, amwachie mtoto nafasi. Mume wangu huyu, ambaye hata yeye huwa hasalimii majirani, alikuwa akirudi ameloa jasho.

Siku moja aliingia mzee mwenye mifuko ya sokoni. Kimya. Lifti ikakaa mlango wazi. Mzee akataka kunyoosha kidole abonyeze mwenyewe, Kirimi akamwomba kwa ishara asubiri. Kisha Kendi, akitazama vitufe, akasema, "Which floor?" Yule mzee akamwambia kumi na mbili, na akamshukuru kwa heshima kama anavyoshukuriwa mtu mzima. Kirimi aliniambia habari hiyo jikoni na akashindwa kuimaliza. Mdogo wako, Kagwiria. Yule uliyemfundisha kwamba mwanaume halii.

Sasa jengo zima linamjua. Na kuna mtoto wa ghorofa ya saba, Alisha, rika lake, ambaye alianza kupanda naye tu kwa kupenda. Hawatazamani machoni. Wanabonyeza kwa zamu. Aleena alitufundisha jinsi ya kumwandaa Kendi kwa zamu ya mwenzake, na siku ya kwanza aliposhindwa alipiga kelele, tukashuka, tukapumzika, tukajaribu tena kesho. Juzi Alisha alibisha mlangoni akauliza kama Kendi anaweza kutoka. Hakuna mtoto aliyewahi kubisha mlango huu akimtaka yeye. Nilijifungia bafuni.

Katikati ya furaha hiyo ndipo ulipoandika kwenye kundi. Kwamba tukija Desemba tumwache Kendi kwako mwaka mzima umnyooshe, kwa kuwa sisi tunafundishwa na watoto wadogo kumwogopa mtoto wetu. Na ukaongeza, watu wote wakisoma, kwamba jina la Mama limetupwa bure kwa mtoto asiyeitika anapoitwa.

Nilisoma mstari huo nikiwa kazini, nikalazimika kumwomba mwenzangu amshike mgonjwa niliyekuwa namlisha. Jina hilo alipewa na Mama mwenyewe, kwa simu, siku aliyozaliwa. Si lako kulitoa wala kulichukua. Na anaitika. Anaitika akishasikia ameitwa na mtu ambaye hatamdhuru.

Nilikuwa na wasiwasi na Kirimi jioni hiyo, nakwambia ukweli. Nilidhani atasema tufikirie. Alikupigia mbele yangu. Alisema, "Dada, mtoto wangu habaki kwako, si mwaka, si siku moja." Hapo ndipo ulipokata, kwa hiyo hukusikia yaliyobaki. Aliendelea kusema, kwenye simu iliyokufa, kwamba anakushukuru kwa mgongo wako, na kwamba mgongo huo hautalipwa kwa mtoto.

Basi elewa hivi. Desemba tutakuja, kwa sababu Mama anataka kumwona mjukuu wake na Kendi ameshaonyeshwa picha za safari nzima, hata za ndege na za mlango wa nyumba ya Mama. Hatutafikia kwako. Tumepata nyumba ya kupanga mjini Meru. Ukitaka kumsalimia Kendi, utasimama mlangoni, utampungia mkono, na utasubiri. Asipokupungia, utaketi unywe chai na watu wengine. Hutamwombea kwa sauti. Hutamgusa kichwa. Ukimgusa, nitakutoa mimi mwenyewe, mbele ya Mama, mbele ya mchungaji wenu, mbele ya kila mwanafunzi uliyewahi kumchapa, na nitabeba lawama.

Sijaandika haya ili unijibu kwa aya za Biblia. Ukitaka kujua jinsi ya kukaa na mtoto huyu, uliza, na nitakufundisha kama nilivyofundishwa, hatua kwa hatua, bila kukucheka. Usipotaka, nyamaza.

Msalimie sana Mama, mwambie dawa ya kifua tutakuja nayo. Wasalimie mzee Nahashon na mkewe, mama wa chama, na watoto wote hapo nyumbani. Kirimi anasema atakupigia tena ukiwa tayari kusikiliza mpaka mwisho. Mungu awalinde nyote, na wewe akulainishe moyo, maana mimi nimeshindwa.

Nilimwuliza Kendi kama ana salamu za kukutumia. Nikasubiri, kama ninavyotakiwa. Alifikiri kwa muda mrefu sana, akiendelea kupanga vifuniko vyake vya chupa, kisha akasema, "No." Sikumbembeleza.

Ni mimi, mke wa mdogo wako na mama yake Kendi,

Chepngetich