Shikamoo ya Shangazi Dorkasi

S.L.P. 2216,
Dodoma.
17 Januari 1998

Mpendwa binamu yangu Castory,

Hamjambo huko Francistown? Shemeji Ritha hajambo? Na hao wanafunzi wako, bado wanakuogopa au wameshagundua kwamba hata hesabu za kugawanya ulikuwa unanakili kwangu? Natumaini nyama ya huko, ambayo kila anayetoka Botswana anaisimulia mpaka watu tunameza mate, haijakusahaulisha mlenda.

Sisi hapa Mkonze tu wazima, isipokuwa goti langu la kushoto limeamua kustaafu kabla yangu. Shemeji yako Elieth anasema goti halina kosa, tumbo ndilo linaloliumiza. Wewe uliyenijua nikiwa mwembamba kama fito utamuunga mkono. Lakini tangu niwe Mheshimiwa kila kikao kina chai, na kila chai ina sambusa za Fatmabai, na mimi sina nguvu ya kukataa kitu kilicholetwa kwenye sahani.

Mvua mwaka huu hazina adabu. Sisi tuliolelewa kunawa uso kwa maji ya kikombe kimoja, sasa tunaamka tunakuta ndala zinaelea sebuleni. Barabara ya Hombolo imekatika mara kadhaa. Wanaziita Elninyo. Mama mmoja wa huku ameniuliza kama huyo Elninyo naye ni mwekezaji.

Unaona ninavyozunguka. Sasa nije kwenye jambo lenyewe. Mama yako ni mzima. Nimeanza na hilo ili ukae sawa. Yuko hapa kwangu, chumba cha uani, anakula, analala, na anamsema Elieth kuhusu chumvi. Ila kota imebomolewa. Nimetaka uisikie kwangu kabla watu wa shambani hawajakuandikia, maana watakuambia nyumba ya mama yako imeniponyoka mimi, na hawatakuwa wamesema uongo.

Unakumbuka nilivyoupata uenyekiti wa kamati ya Bunge. Walikuwa wakiugombania watu wawili wenye akili, wakachoshana, wajumbe wakatafuta mtu asiyemtisha yeyote, na macho yote yakanigeukia. Kazi yenyewe si ngumu. Unakaa mbele, unamwambia mmoja azime kipaza sauti na mwingine awashe, unawakumbusha kwamba wanazungumza na kiti wala si wao kwa wao. Kura hupigi. Kura yako inalala mpaka wajumbe wagawanyike sawasawa. Hapo ndipo inaamshwa, na yule aliyeshindwa nayo hakusalimii mwezi mzima.

Mwezi Agosti uliletwa kwetu muswada wa kuyauza mashamba ya umma. Siku hizi kinauzwa kila kitu chenye paa, na visivyo na paa pia. Lile shamba la zabibu mlilokulia, kule ng'ambo ya Hombolo, lilikuwamo. Kifungu cha kumi na nne kilisema wafanyakazi wa zamani wanaoishi kwenye kota za shamba waachiwe nyumba zao na vile viwanja vya nyuma. Nusu ya wajumbe walikitaka. Nusu nyingine, wakiongozwa na Mheshimiwa Bashiri, walitaka kifutwe, mwekezaji akabidhiwe shamba likiwa halina mtu ndani. Niliwahesabu kwa vidole chini ya meza, nikarudia. Sawasawa. Kota ya mama yako ilikuwa mfukoni mwangu, binamu, pamoja na miwani.

Kanuni za Bunge zinasema mjumbe mwenye maslahi katika jambo ayatangaze na atoke jambo hilo linapojadiliwa. Nilizijua. Mimi ndiye niliyewafundisha wajumbe wapya kwenye semina, kwa ubao na chaki, na nilisifiwa. Lakini shangazi anatumia jina la marehemu baba yako, na nani hapa mjini anaujua ukoo wetu? Nilijiambia nyumba ni yake, si yangu, basi maslahi ni yake. Nikalala usingizi mzuri kabisa.

Tulikuwa tumepanga kusikiliza maoni ya wananchi kabla ya kura. Watu wa kota wakamchagua mama yako awasemee. Nilikwenda mwenyewe kumsihi wamtume mwingine. Akasema mdomo wake bado una meno ya kutosha. Tukakubaliana basi kwamba mle ndani hatujuani: mimi mwenyekiti, yeye mwananchi. Alicheka mpaka akafuta machozi kwa kanga. Akasema atanitazama kama alivyokuwa akimtazama bwana shamba.

Jambo moja hatukulipanga.

Katibu wetu wa kamati, Khamisi, ni kijana wa Kondoa mwenye adabu. Kila shahidi anayetoka kijijini humwelekeza mlangoni: ingia, simama kwenye kipaza sauti, mwamkie Mheshimiwa Mwenyekiti, kisha sema jina lako. Akamwelekeza na mama yako. Naye akafuata kama alivyoelekezwa, kwa sababu alikuwa ameahidi kuwa mgeni. Aliingia na kikapu cha zabibu za nyuma ya kota, amevaa viatu vya jirani yake Evarista, vinambana. Akasimama. Akapinda goti kidogo.

"Shikamoo, Mheshimiwa Mwenyekiti."

Sasa hebu kaa wewe kwenye kile kiti. Jibu ni neno moja, hata mtoto wa chekechea analo. Ningelisema, tungeendelea. Lakini huyo ni dada wa baba yangu. Ndiye aliyenichapa mbele ya watu siku nilipompita mzee njiani bila kumwamkia, na wewe ukashika fimbo ya akiba. Nikafungua mdomo, neno halikutoka. Wajumbe wakanyanyua macho. Miguu ikasimama bila ruhusa yangu, hili goti bovu likiwamo, nikainama mbele ya kamati nzima nikasema, "Shikamoo, shangazi."

Hakuitikia. Alitimiza ahadi yake mpaka mwisho, mama yako. Alinitazama kama bwana shamba.

Mheshimiwa Bashiri akawasha kipaza sauti chake taratibu. "Kuhusu utaratibu, Mwenyekiti. Huyu ni shangazi wa heshima, au ni shangazi wa damu?"

Alinipa mlango, Castory, na ulikuwa mpana. Nchi hii kila mwanamke mtu mzima ni shangazi wa mtu. Neno "heshima" lilikuwa tayari kwenye ulimi. Lakini yeye alikuwa pale, hatua chache kutoka kwangu, na viatu vile vya kuazima. Sikuweza kumkana akiwa ananitazama. Nikasema, wa damu.

Bashiri hakutabasamu. Alisema kwa upole, kama daktari anayeleta majibu: "Basi Kanuni unazijua, Mheshimiwa. Wewe ndiye uliyetufundisha." Na ukiniuliza leo, nitakuambia alikuwa na haki. Hilo ndilo linaloniuma kuliko goti.

Nikamwachia kiti makamu wangu, Mheshimiwa Evodia, nikatoka nikakaa kwenye benchi la varandani. Madirisha yale ya vioo vya kupanga hayazuii kitu. Nilimsikia Bashiri akiomba mwongozo kama hiki ni kikao cha kamati au kikao cha ukoo, maana kama ni cha ukoo, mahari imeshaletwa, ni kikapu cha zabibu. Wakacheka wote, na wale waliokuwa upande wangu pia. Kisha Evodia akamshukuru mama yako kwa kuja, akamweleza kwamba kwa kuwa ni ndugu wa Mwenyekiti, maoni yake itakuwa vigumu kuyapokea, apumzike nje. Mama yako hakusema hata neno moja kati ya yale aliyokuwa ameyapanga. Evarista ameniambia alikuwa akiyafanyia mazoezi shambani, anaihutubia mizabibu.

Akaja akakaa kwenye benchi lile lile, ncha ya pili. Ndani walikuwa wanapitisha kikapu. Tulimsikia mmoja akizisifia zabibu kwamba ni tamu kuliko za dukani. Kisha tukasikia kura zikihesabiwa, nazo zikawa sawasawa, kama nilivyohesabu chini ya meza. Evodia, aliyekuwa ameshapiga yake ya ujumbe, akaiamsha na ile ya kiti. Kifungu cha kumi na nne kikafutwa, wakahamia cha kumi na tano.

Khamisi alikirudisha kikapu kikiwa na vikonyo tu. "Wajumbe wanashukuru sana, mama," akasema, na alikuwa anamaanisha, masikini.

Bunge lilipopitisha sheria, mwekezaji hakukawia. Greda lilifika Desemba, katikati ya mvua. Nilikwenda na koti la Bunge nikidhani litasaidia. Dereva alizima mashine akashuka, akanisalimia kwa heshima zote, akapanda tena akaendelea. Walianza na kile chumba alichokuongezea wewe kwa nyuma, chenye dirisha la kioo, ambamo hukuwahi kulala hata usiku mmoja. Kila mwaka alikuwa akiwaambia majirani unakuja Krismasi. Nakutania siku zote, unanijua, ila hapa sikutanii: alitaka tu akunje pazia lako kwanza. Hakuliwahi.

Na sasa sikia maisha ninayoishi. Kila asubuhi nikitoka chumbani, mama yako yupo uani ananingoja. Anapinda goti. "Shikamoo, Mheshimiwa." Ananiamkia mbele ya Elieth, mbele ya dereva, mbele ya wapiga kura wanaokuja na shida zao. Nimemsihi. Nimempigia magoti, nikahitaji watu wawili kuninyanyua. Elieth alifikiri kwanza ni mzaha, sasa anahamisha macho. Majirani wanasema bibi anaanza kupotea. Hajapotea. Akimaliza kuniamkia anauliza bei ya mahindi sokoni, na akiambiwa uongo anajua.

Sikuwahi kumwitikia. Nilikuwa namwamkia na mimi, yeye hajibu, nami najikongoja mpaka kwenye gari.

Leo uani palikuwa na watu wengi, wengine nyumba zao zimeangushwa na mafuriko, kila mmoja ananishika mkono, na kichwa changu kilikuwa kwenye mabati na mahindi ya msaada. Sauti ikasema shikamoo, Mheshimiwa. Nikasema, "Marahaba."

Mama yako akanyooka. Akacheka, Castory, kicheko kile cha zamani cha kufuta machozi kwa kanga. Sikuwa nimekisikia tangu nilipokwenda kumsihi asije. Kisha akasema, wala hakupandisha sauti, "Kumbe unalo. Siku ile ulikuwa umelificha wapi?"

Akaingia ndani kuwasha jiko.

Basi binamu, hizo ndizo habari. Mwandikie mama yako, ila usitumie tena anwani ya shamba. Pale sasa kuna uzio wa seng'enge na mlinzi asiyemjua mtu. Barua zake pitishia sanduku langu. Usimwambie unakuja Krismasi. Ukija, uje tu.

Nisalimie Ritha, na watoto wote, na yule mwalimu wa Mpwapwa mnayepanga naye. Elieth anawasalimu, Evarista naye anakusalimu, yuko kwa mwanawe Kondoa na viatu vyake. Mungu awalinde ugenini, awape mvua ya kiasi.

Mama yako amesimama mlangoni hapa anauliza namwandikia nani. Nimemwambia. Amesema nikufikishie shikamoo yake. Nimemuuliza kama nimesikia vizuri, akasema niandike hivyo hivyo. Nimeandika. Utajua mwenyewe utaitikiaje.

Ni mimi binamu yako, ninayekupenda hata nikikutania,

Raphael